Bei ya Ridhaa

Kwa miaka miwili na ushei, Bi. Augusta Penhale hakuwahi kulitamka jina la Denzil Carveth. Alimwita "yule mtu," na mbele ya wageni alimwita "yule rafiki wa baharini wa Thirza," kana kwamba bintiye alimwokota ufukweni pamoja na makombe. Kwa hiyo asubuhi ile ya Novemba, Thirza aliposhuka jikoni akamsikia mama yake akiuliza, "Huyu Kamanda Carveth anakunywa chai kwa sukari au bila sukari?" alijua kuna jambo.

Alivuta kiti, akaketi. "Bila sukari. Kwa nini, Mama?"

"Basi tu. Mtu hupenda kujua."

"Hukupenda kujua mwaka jana."

Bi. Penhale alimimina chai. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane wa nahodha wa manowari, na picha ya marehemu akiwa na medali zake ilining'inia sebuleni mahali ambapo mgeni yeyote angeiona kabla hajaiona sura ya mwenyeji. Katika mtaa wao wa Stonehouse, pale Plymouth, nusu ya nyumba zilikuwa na picha kama hiyo. Mabinti wa mtaa ule waliolewa na maafisa, wakazaa maafisa, wakawazika maafisa.

Denzil naye alikuwa afisa. Tatizo lilikuwa namna alivyoufikia uafisa. Baba yake alipaka rangi meli za serikali, na mama yake alifua nguo za watu ng'ambo ya mto, Torpoint. Yeye mwenyewe aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na mitano, akasugua sitaha miguu mitupu, akapigana Vita Kuu akiwa baharia wa kawaida, kisha akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akafika walipozaliwa wengine. Watu wa namna hiyo katika jeshi lile la majini walihesabika kwa vidole. Alipokabidhiwa manowari yake ya kwanza, Merivale, alikuwa na miaka thelathini na sita na mvi mbili tatu juu ya masikio.

Na afisa wa kuongoza njia aliyepangiwa na wakubwa alikuwa Jory Penhale, mdogo wake Thirza.

Mwezi wa tisa, usiku wa manyunyu, Merivale ilipanda mwamba kwenye pwani ya Cornwall. Jory alikuwa ameona taa ya mnara akaidhania kuwa ya mnara mwingine. Hakufa mtu, kwa rehema za Mungu, lakini manowari ilipasuka tumbo, ikakaa pale juu ya mawe siku kadhaa watu wakiitazama kutoka majabalini kama nyangumi aliyekufa.

"Mahakama inakaa kesho," alisema Bi. Penhale.

"Najua."

"Mdogo wako hali. Halali. Ana miaka ishirini na minne, Thirza. Wakimtia doa sasa atazeeka nalo."

"Na Denzil?"

"Kamanda Carveth ni nahodha. Meli ikigonga, wa kulaumiwa ni nahodha. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za babu yako. Lawama tayari ni yake. Kilichobaki ni kama ataibeba yote au atammegea mtoto."

"Atammegea," Thirza alirudia taratibu. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, na ndivyo alivyorudia majibu ya mwanafunzi aliyekosea.

"Akisema yeye ndiye aliyechagua njia ile, hawatamgusa Jory. Ni sentensi moja tu. Nenda ukamwombe." Bi. Penhale aliweka birika chini, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kunyanzi lolote. "Akifanya hivyo, nawapa ridhaa yangu. Ndoa itafungwa kanisani kwetu. Nitavaa kofia yangu ya kijivu, nitaketi mstari wa mbele, na mama yake ataketi ubavuni mwangu."

Nje, gari la maziwa lilikuwa likipanda mtaa.

"Mama, unaninadi."

"Usiniletee maneno ya sokoni."

"Ulikataa miaka miwili ili leo upate cha kuuza?"

"Nilikataa kwa sababu sikumtaka. Simtaki hata sasa, kama unataka ukweli." Sauti ya Bi. Penhale haikupanda. "Nina watoto wawili. Mmoja anazama, mwingine anataka kuolewa. Nimeona njia ya kuwafaa wote wawili kwa pamoja. Utakapozaa utanielewa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Thirza aliinuka akachukua koti. Kwenye ngazi alimkuta Jory ameketi kama mtoto aliyefukuzwa mezani, nywele timutimu, shati halijafungwa vifungo.

"Mama amekwambia?"

"Ameniambia."

"Sikumtuma mimi, dada."

"Hukumtuma. Lakini hukumzuia."

Jory aliangalia mikono yake. Thirza alimpita, akafungua mlango, akatoka.

*

Walikutana katika duka dogo la chai karibu na gati la pantoni, upande wa Torpoint. Denzil alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa na desturi ya kuketi akiutazama mlango, na Thirza alipoingia alisimama, akamvutia kiti, kisha akangoja mpaka mwenye duka alete chai na skonzi na kuondoka.

Hakuwa mwanamume mzuri wa sura. Pua ilivunjika ujanani na ikaunganishwa na mtu asiye na haraka ya kujifunza kazi yake. Lakini alikuwa na macho ya kijivu yaliyotulia, na alipomtazama mtu alimtazama yeye tu. Miaka miwili iliyopita, katika dansi ya hisani, aliyatuliza macho hayo juu ya Thirza, naye Thirza, aliyekuwa amewakataa wachumba watatu bila kukosa usingizi, alikosa usingizi.

Wangeweza kuoana zamani. Thirza hakuwa mtoto wa kuombewa ruhusa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na mshahara wake. Denzil ndiye aliyekataa. "Maisha yangu yote nimeingia mahali ambapo watu hawakunitaka," alisema. "Nyumba ya mke wangu nataka niingie kwa mlango, si kwa dirisha."

Sasa Thirza alimweleza ujumbe wa mama yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kupunguza wala kuongeza, mikono yake ikiwa imekunjwa juu ya meza. Alipofika kwenye kofia ya kijivu, Denzil alicheka.

"Ile yenye unyoya?"

"Hiyohiyo."

"Basi mambo ni mazito." Alikoroga chai isiyo na sukari. "Na mama yangu akae ubavuni mwake. Maskini mama. Angetetemeka ibada nzima."

"Denzil."

"Nakusikia." Aliweka kijiko. "Wewe unataka nini, Thirza? Najua anachotaka mama yako."

"Nataka kuolewa na wewe, hata kesho. Nataka Jory asiangamie. Nataka wewe upate meli nyingine. Nimejaribu kuyajumlisha hayo matatu njia nzima. Hayajumlishiki."

"Kama mwalimu ameshindwa, mimi wa kusugua sitaha nitaweza?"

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi." Aliegemea mbele, sauti ikashuka. "Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Jory aliposema ule ni mnara wa mashariki, moyo wangu ulikataa. Nilimuuliza, 'Una hakika?' Akasema anayo. Nikamuuliza tena. Akaniapia. Sasa sikiliza. Angekuwa afisa mwingine yeyote, ningemsogeza pembeni nikaangalia mwenyewe. Ni kazi ya muda mfupi tu. Lakini wanaume walikuwa wanatutazama, na yule ni mdogo wako, na alikuwa amevimba kichwa kwa fahari kama jogoo. Nikajisemea, nikimwaibisha leo, kesho atakwenda nyumbani kumwambia mama yake kwamba yule mtoto wa mpaka rangi anamnyanyasa. Nikamwachia."

Kidole cha Thirza kilifuata ukingo wa kisahani.

"Kwa hiyo mama yako hajakosea sana," Denzil aliendelea. "Lawama kubwa ni yangu. Lakini hiyo sentensi anayoitaka siwezi kuisema, kwa kuwa ni uongo. Sikuichagua njia ile. Niliiruhusu. Wakiniuliza, nitasema yote."

"Yote?"

"Yote."

"Hata sababu?"

"Hasa sababu."

Rangi ilipanda shingoni mwa Thirza. "Utasimama mbele ya mahakama useme ulipandisha manowari mwambani kwa sababu yangu?"

"Nitasema nilimhurumia kijana kwa sababu nampenda dada yake."

"Wataandika magazetini! Wasichana wangu wa darasani watasoma! Denzil, utakuwa kichekesho cha kila mesi ya maafisa kuanzia hapa hadi Malta. Watasema, 'Ndiyo matokeo ya kuwapandisha vyeo watu wa chini, wanaongoza meli kwa mahaba.'"

"Waache waseme."

"Nawe unaketi hapa unakunywa chai!"

"Nifanye nini, nivunje kikombe?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na makali. "Miaka ishirini na moja, Thirza. Unadhani siijui thamani yake? Kila cheo nilikipata baada ya wenzangu kukipata mara mbili. Ile meli niliipenda. Nilikuwa nashuka usiku kuzigusa kuta zake kama mtu aliyenunua ng'ombe. Lakini nikisema uongo nikaibeba yote, mdogo wako atapewa meli nyingine, na siku moja ataona taa nyingine. Nikisema nusu ya ukweli nikamtupia yeye, nitakuwa nimemzamisha mtoto niliyemwachia usukani mwenyewe. Sina pa kupita ila hapo katikati."

"Na mimi niko wapi katika hiyo katikati yako?"

Denzil alikisukuma kikombe pembeni.

Thirza alisimama, akavaa glavu zake, kidole baada ya kidole. "Ujumbe nimeufikisha. Sema utakavyo."

Alitoka bila kumpa mkono. Pantoni ilikuwa imeegesha, minyororo yake ikilia, wafanyakazi wa bandarini wakishuka na baiskeli zao. Alikata tiketi, akapanda, akasimama nyuma ya gari la mkate akiuangalia mto uliokuwa na rangi ya bati. Alikuwa na hasira, na kwa kuwa alizoea kufikiri kwa mpangilio, aliitafuta hasira ile inatoka wapi. Aliona kwamba haitokani na aibu ya magazetini. Ilitokana na kwamba muda wote ule Denzil akizungumza, sehemu fulani ndani yake ilikuwa ikimwomba akubali bei ya Mama. Kanisa lao, kofia ya kijivu, kila mtu ameketi mahali pake. Alikuwa ameutaka ule uongo. Aliutaka sana.

Kengele ya pantoni ikalia. Thirza aligeuka. Denzil alikuwa amesimama gatini, kichwa wazi, kofia mkononi, wala hakupunga.

"Denzil!" aliita, kwa sauti ambayo mwalimu wa hesabu hakujua kwamba anayo. Wanaume wenye baiskeli waligeuka. "Usinyamaze! Unanisikia? Usiwanyamazie!"

Aliinua kofia juu kidogo, kumjulisha kwamba amesikia.

*

Asubuhi ya pili mzinga mmoja ulipigwa bandarini, kama ilivyo ada siku ya mahakama ya kijeshi, na njiwa wote wa Devonport wakaruka kwa pamoja. Thirza na mama yake waliketi katika viti vya watazamaji. Mbele yao, nyuma ya meza ndefu, waliketi maafisa watano wenye mistari ya dhahabu kwenye mikono ya makoti yao. Juu ya meza, umelazwa kwa ubavu, ulikuwepo upanga wa Denzil, kana kwamba nao ulikuwa ukihukumiwa pamoja naye.

Mashahidi walizungumza juu ya mawimbi, upepo na taa. Kisha mkuu wa mahakama, mzee mwenye masikio makubwa, akamtazama Denzil.

"Kamanda, unasema ulikuwa na shaka. Kwa nini hukuangalia mwenyewe?"

"Sikutaka kumwaibisha Luteni Penhale mbele ya watu, bwana."

"Ni desturi yako kuwaonea haya maafisa wadogo?"

"Hapana, bwana. Ila huyu. Nilitarajia kumwoa dada yake."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikohoza. Bi. Penhale alifumba macho. Thirza aliketi wima, mashavu yakimwaka, na aliponyanyua uso aliona kwamba Denzil hakumtazama, kwa heshima, ili asiwaonyeshe watu ni yupi.

Basi Thirza akasimama. Hakusema neno, hakuruhusiwa kusema. Alisimama tu mahali pake, kwa koti lake la bluu, watu wote wakamwona ni yeye, na mlinzi alipomwashiria aketi, akaketi.

Zamu ya Jory ilipofika, wakili wake alimwongoza kwa upole: kulikuwa na manyunyu, sivyo? Taa hazikuonekana vizuri, sivyo? Jory alijibu ndiyo, ndiyo. Kisha akaacha kujibu. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Aliniuliza mara mbili," alisema ghafla. "Kamanda. Nilimwambia nina hakika. Sikuwa nayo, bwana. Niliona haya kusema sijui."

"Jory," Bi. Penhale alinong'ona, kama anayejisemea.

Mahakama ilijifungia, watu wakangoja. Waliporudishwa ndani, Thirza hakusikiliza maneno. Aliitazama meza. Upanga ulikuwa umegeuzwa, na ncha yake ilielekea kwa Denzil, ishara ya kwamba ameonekana na hatia.

Alivuliwa uongozi wa meli, akapewa karipio kali. Jory alipewa karipio dogo. Hakufukuzwa hata mmoja, lakini mtu yeyote wa mtaa wa Stonehouse angeweza kukuambia maana yake: Jory, baada ya miaka ya kuinamisha kichwa, angeweza kuinuka tena. Carveth hatapewa manowari nyingine.

Nje kulikuwa na upepo. Bi. Penhale alisimama chini ya nguzo akifunga koti lake hadi kooni.

"Kamanda," alisema, "umemtaja binti yangu mbele ya watu kama anayetaja hali ya hewa."

"Ndiyo, Mama. Naomba radhi kwa hilo."

"Ridhaa niliyoiahidi haipo tena. Twende, Thirza."

Thirza hakwenda. Mama yake alisubiri kidogo, kisha akashuka ngazi peke yake, mgongo umenyooka.

Denzil aliuweka upanga kwapani kama mwavuli. "Mama yako ana haki. Sina meli. Watanipeleka mahali pa kuhesabu minyororo mpaka nistaafu. Neno lolote ulilonipa, Thirza, nakurudishia. Uko huru."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umeutangazia mji mzima kwamba unanipenda. Sasa unanirudishia neno, niende nalo wapi? Nani mwingine atanioa hapa?" Kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, akacheka. "Mlango umefungwa, Denzil. Utaingia kwa dirisha au utabaki nje?"

Alimtazama kwa yale macho yake ya kijivu, muda mrefu, maafisa wakiwapita huku na huku wakijifanya hawaoni. "Ni juu sana hilo dirisha?"

"Si juu sana."

"Basi nishikie huu," alisema, akampa upanga, akamkumbatia hapohapo ngazini.

*

Walioana Desemba katika kanisa dogo la Torpoint. Baba yake Denzil alikuwa amepaka rangi milango kwa heshima ya siku ile, na wageni waliambiwa wasiguse. Jory alisimama shahidi. Kiti alichowekewa Bi. Penhale kilibaki kitupu, mpaka mama yake Denzil akaweka juu yake makoti ya watu ili kisitazamike.

Barua ya kazi ilikuwa imekwishafika: bohari ya nyavu na maboya katika visiwa vya Orkney, kaskazini kabisa, ambako wakati wa baridi jua huja kusalimia tu. Mchana huohuo, kabla ya treni, Thirza alipita nyumbani kuchukua sanduku lake. Denzil alibaki nje, ng'ambo ya barabara, kwenye mvua nyembamba.

Bi. Penhale alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Nimekuja kuaga, Mama."

"Naona."

"Yuko nje."

"Nimemwona. Ana mwavuli?"

"Hana."

Kisu kilizunguka kiazi, ganda likashuka refu bila kukatika. "Angeweza kunyamaza," alisema Bi. Penhale. "Leo angekuwa mkwe wa nyumba hii, na ndugu yako asingekuwa na doa. Neno moja tu. Ameona bora awe mkweli. Mimi siwezi kumsamehe hilo, Thirza, na usinitake nijifanye."

"Sikutaki ujifanye."

"Utajuta."

"Huenda."

Thirza alimbusu shavuni. Lilikuwa baridi, wala halikusogea. Alikwishafika ukumbini, mkono kwenye kitasa, aliposikia kiti kikiburutwa.

"Buti za marehemu baba yako zimo kwenye kabati la chini ya ngazi. Za manyoya. Zitakuwa kubwa, vaa soksi mbili." Halafu, kwa ukali, kana kwamba kuna aliyebisha: "Usiende kule na hivyo viatu vya shule."

Thirza alitoka akiwa na sanduku mkono mmoja na buti mkono mwingine. Denzil alivuka barabara, akampokea sanduku, akaziangalia zile buti, kisha akaliangalia dirisha la jikoni, ambapo pazia lilikuwa limetikisika.

"Mama amesema nini?"

Thirza alifikiria yote aliyoambiwa mle ndani, neno kwa neno.

"Amesema kule kuna baridi," alijibu, na wakashika njia ya stesheni.